Usipofanya Hivi

Kila aliyepitia shule Kenya hii anaijua -sipo-. Mwalimu aliiandika ubaoni kwa chaki, akatuambia ni kinyume cha -ki- ya masharti, tukatunga sentensi kumi, kengele ikalia, tukakimbilia uwanjani. Mfano wetu wa kwanza ulikuwa ule ule wa kila mwaka: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliuimba kama kasuku. Hakuna aliyetuambia kwamba iko siku silabi hizo mbili zitaingia nyumbani kwa mtu zikiwa na muhuri wa korti, na kwamba mtu huyo atakosa usingizi kwa sababu yake.

Nataka kuandika juu ya amri hizo. Ninazungumzia zile karatasi ambazo mahakama humpelekea mtu aliyefungua kesi ya madai kumwambia kwamba kesi yake iko karibu kufa. Najua, msomaji mwenzangu, ulitegemea mapenzi au siasa. Vumilia kidogo. Sisi tunaotaka kuwa waandishi tunajisifu kwamba tunajua lugha, na hapa kuna lugha ambayo ukiisoma vibaya unapoteza haki yako.

Mimi niliijua kupitia kwa mama mdogo, dada yake mama. Alikuwa akiuza mboga kando ya barabara huku Eastlands. Mwaka 2018 lori lilimgonga akivuka, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Alilala hospitalini wiki nyingi, akatoka na magongo, na biashara ikawa imekwisha. Mwaka 2020 alipata wakili, kesi ikafunguliwa dhidi ya mwenye lori. Akaambiwa, "Mama, nenda nyumbani, tutakuita." Si unajua watu wetu walivyo na adabu mbele ya watu wenye tai? Akaenda nyumbani. Akangoja. Mara ya mwisho kesi hiyo kutajwa kortini ilikuwa Juni 2021. Kutoka hapo, kimya. Akipiga simu anaambiwa wakili yuko kwa mkutano.

Septemba 2022 karani wa ofisi ile alimwita akamkabidhi karatasi moja. Akaniletea mimi kwa sababu ilikuwa Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na ni kweli ukisimama mbele ya hakimu unaweza kujieleza kwa Kiswahili chako. Lakini karatasi! Karatasi huja kwa Kiingereza, tena kile cha babu zao.

"Mwanangu, hii inasema nini?" akaniuliza. "Inasema nimeshindwa?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini, neno kwa neno, jinsi ninavyosoma shairi gumu. Na jibu lilikuwa: la, hujashindwa. Bado. Ile ilikuwa ilani ya kutaka sababu. Inatoka katika Amri ya 17, kanuni ya 2, ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Kanuni hiyo inasema kesi ikikaa mwaka mmoja bila upande wowote kuchukua hatua, korti inaweza kuwaandikia wahusika waje waeleze kwa nini isitupiliwe mbali. Sababu isipotosheleza, korti inaweza kuitupilia mbali. Tazama lile neno "inaweza". Lina pumzi ndani yake. Maana yake mlango umerudishwa lakini haujafungwa, na mtu anangoja kusikia sauti yako. Asiposikia sauti, atafunga.

Mama mdogo aliona ukatili mtupu. "Mimi ndiye niliyegongwa, halafu mimi ndiye naulizwa sababu?" Ukweli ni kwamba kesi ni mali ya aliyeifungua, na yeye ndiye wa kuisukuma. Yule mwenye lori hana haraka. Kwake kesi ikilala milele ni sherehe. Lakini pia huwezi kumweka mtu kortini maisha yake yote, mashahidi wanahama, wengine wanafariki, dereva anasahau alikuwa upande gani wa barabara. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaiambia mahakama mambo mawili kwa pumzi moja: haki isicheleweshwe, na haki isikwamishwe na ufundi wa taratibu kupita kiasi. Ukiyasoma upesi unaona yanakubaliana. Ukiwa na kesi iliyolala mwaka mmoja na miezi mitatu, unaona yanavutana, na wewe ndiwe kamba.

Majaji walishaupima mvutano huo. Katika kesi ya Ivita na Kyumbu ya mwaka 1984, kipimo kilichowekwa ni hiki: je, ucheleweshaji ni mrefu na hauna udhuru? Na hata kama ni hivyo, je, haki bado inaweza kutendeka licha ya kuchelewa? Maswali haya mawili ndiyo chakula cha ile siku ya kueleza sababu. Kwa hiyo kulia peke yake hakutoshi. Kusema "wakili wangu alinitupa" pia hakutoshi, kwa sababu kuna hukumu zinazosema kosa la wakili lisimwangukie mteja, na kuna hukumu zinazosema mdai mwenyewe lazima aifuatilie kesi yake. Ukienda na la kwanza tu utajibiwa kwa la pili. Inafaa uonyeshe ulichofanya: ulipiga simu lini, ulienda ofisini lini, ulipewa jibu gani. Na uonyeshe kwamba kesi bado ina uhai, yaani mashahidi wapo, karatasi za hospitali zipo, na leo uko tayari.

Na kwa nini tuhangaike hivyo? Si angefungua tu kesi nyingine? Hili ndilo watu wengi mtaani hawalijui. Dai la kuumizwa kwa uzembe wa mtu lina umri wake. Sheria ya Ukomo wa Madai inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hiyo, na miaka 6 kwa madai ya mkataba, na 12 kwa ardhi. Ajali ilikuwa 2018. Kufikia 2022 miaka mitatu ilikuwa imepita zamani. Kesi ile ya 2020 ilikuwa ndiyo pekee aliyonayo duniani. Ikifa, mguu unabaki umevunjika bure.

Tena kulikuwa na hatari nyingine ambayo ilani yenyewe haikuitaja. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kanuni ile ile inasema kesi iliyokaa miaka miwili bila hatua yoyote inahesabika imetupwa. Nilipohesabu kwa vidole kutoka Juni 2021 nikaona kumbe ile karatasi iliyomwogopesha mama mdogo ilikuwa imemwamsha mapema. Angelala hadi Juni 2023 asingeulizwa chochote.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe 13 Oktoba 2022. Mama mdogo alikuwa ameshawasilisha notisi ya kujiwakilisha mwenyewe, maana kanuni zinaruhusu mtu kumwacha wakili akasimama peke yake. Alivaa leso yake nzuri. Kortini kulikuwa na kesi nyingi za namna ile, zikiitwa moja baada ya nyingine kama abiria wa matatu. Nyingine ziliitwa, kukawa kimya, hakimu akaandika mstari mmoja, basi. Mwaka mzima wa mtu, miaka mitano ya mtu, mstari mmoja. Nilishtuka jinsi kulivyokuwa hakuna kelele.

Alipoitwa alisimama na magongo yake akasema kwa Kiswahili. Alitaja tarehe alizokwenda ofisini. Alisema shahidi wake, mwenzake aliyekuwa akiuza nyanya pale pale, yuko hai na bado anauza nyanya. Wakili wa upande wa pili alisimama akasema wamesumbuliwa vya kutosha. Hakimu aliandika kwa muda, halafu akasoma uamuzi.

Nilifurahi mno niliposikia kesi imebaki. Mama mdogo alinishika mkono. Lakini uamuzi ulikuwa na mkia. Mdai awasilishe na kuwafikishia wenzake taarifa za mashahidi na nakala za hati zake zote katika siku 21, na asipofanya hivyo kesi itakuwa imetupiliwa mbali.

Sasa hapa, ndugu zangu waandishi, turudi darasani kidogo. Kuna sentensi tatu ambazo mtu mwenye haraka atadhani ni moja. Ya kwanza: usipofanya hivi, kesi inaweza kutupiliwa mbali. Ya pili: usipofanya hivi, kesi itatupiliwa mbali. Ya tatu: usipofanya hivi, kesi itakuwa imetupiliwa mbali. Katika ya kwanza kuna mtu atakayekaa, akusikilize, aamue. Katika ya pili kuna tendo ambalo bado halijatendeka na pengine kuna mtu wa kulitenda. Lakini katika ya tatu, kila kitu kimeshatendeka. Lile "itakuwa ime-" linamaanisha kwamba siku ya 21 ikipita, hakuna haja ya mtu yeyote kurudi mbele ya hakimu. Hakuna atakayekuita, hakuna atakayekuuliza sababu. Unaweza kulala kesi ikiwa hai na kuamka ikiwa maiti, na wala usijue mpaka uende masijala.

Ilani ya kwanza ilikuwa swali. Hii ya pili ilikuwa saa iliyotegwa. Nimewaona watu wakizichanganya mbili hizi, wakidhani kwamba kwa kuwa mara ya kwanza walisamehewa, basi hata mara ya pili wataitwa tena kujieleza. Hawaitwi.

Ni vizuri pia kutochanganya kutupiliwa mbali kwa sababu ya kulala na kufutwa kwa sababu ya dosari. Amri ya 2, kanuni ya 15, inairuhusu korti kufuta madai ambayo hayana msingi wowote wa kisheria, au ni ya upuuzi na usumbufu, au yanatumia korti vibaya. Hapo swali si umechelewa kiasi gani, bali karatasi yako inasema nini. Na juu ya hilo Jaji Madan, katika kesi ya D.T. Dobie na Muchina iliyo katika ripoti za sheria za mwaka 1982, aliwaonya wenzake wautumie upanga huo kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa wakati ule korti bado haijasikia mashahidi. Kama dai linaweza kutiwa uhai kwa kurekebishwa, na lirekebishwe. Ukipata tishio la namna hii, dawa yake ni kuomba kurekebisha madai. Ukipata tishio la kulala, dawa yake ni kuamka. Ukinywa dawa ya huyu kwa ugonjwa wa yule, utaumia.

Basi tukaanza kuhesabu. Siku ya amri haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ilikuwa tarehe 14, na ya 21 ilikuwa Alhamisi tarehe 3 Novemba. Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20, ilianguka katikati, na jirani mmoja akatuambia tuongeze siku moja. Hapana. Sikukuu na Jumapili huachwa nje pale muda uliotolewa ni chini ya siku sita. Ukiwa mrefu zaidi zinahesabiwa zote. Kama siku ya mwisho yenyewe ndiyo inaangukia Jumapili au siku ambayo ofisi zimefungwa, hapo unaruhusiwa siku inayofuata ambayo ofisi ziko wazi. Na kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari siku hazihesabiwi, labda jaji aamuru vinginevyo. Haya yote yamo katika Amri ya 50. Tuliandika tarehe 3 kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya duka, halafu mama mdogo akachora duara kuzunguka tarehe 31 Oktoba akasema, "Yetu ni hii. Hiyo nyingine ni ya shetani."

Jioni zile ndizo nilizojifunza zaidi. Nilikaa na daftari, yeye anasimulia, mimi naandika taarifa yake ya ushahidi. Mimi ni mtu wa hadithi, kwa hiyo nilimwuliza maswali ya mtu wa hadithi. Anga ilikuwaje? Ulisikia breki?

"Sikusikia breki."

"Labda kwa sababu ya kelele za soko?"

"Mwanangu, sikusikia. Andika sikusikia. Kwa nini sikusikia, hilo mimi sijui."

Nikaandika: sikusikia breki. Nikamwuliza lori lilikuwa likienda mbio kiasi gani. Akasema, "Mbio. Kipimo chake sina." Nikaandika hivyo hivyo. Ukurasa mmoja na nusu. Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile, maana kila sentensi ilikuwa lazima aweze kuisimamia mbele ya mtu anayetafuta mwanya wa kumwangusha. Yule mwuza nyanya naye alikuja siku nyingine na taarifa yake ikawa fupi zaidi.

Karatasi zilituchosha kuliko maneno. Ripoti ya daktari ilikuwa ndani ya faili la wakili, na ofisi ile ilitaka malipo kwanza. Hospitali ilitaka barua. Nakala ya ripoti ya ajali kutoka kituo cha polisi ilihitaji safari tatu. Risiti za dawa zilikuwa ndani ya mkoba wa plastiki chini ya kitanda, nyingine wino umefifia hata husomi. Tulizipiga picha tukazipanga kwa tarehe. Jumatatu tarehe 31 Oktoba tuliingia saiba, tukatuma kila kitu kwa mtandao wa mahakama, tukalipa ada kwa simu, tukachapa risiti nakala mbili.

Yule kijana wa saiba akasema, "Mathe, sasa umemaliza." Mama mdogo akamwomba karatasi ya amri akaiweka mbele yangu. "Soma tena pale."

Awasilishe na kuwafikishia. Matendo mawili. Kuwasilisha ni kwa korti, kufikisha ni kwa yule mwenzako. Mtu anaweza kutimiza la kwanza siku ya pili na bado akapoteza kesi kwa kulisahau la pili. Kesho yake mpelekaji hati mwenye leseni ya korti alizipeleka kwa wakili wa mwenye lori, akagongewa muhuri wa kupokea, na tarehe 2 hati yake ya kiapo kwamba amezifikisha ikaingia kwenye faili. Ilibaki siku moja.

Mtu ataniuliza, je, siku zikipita? Si mwisho wa dunia, lakini ni mlima. Amri ya 50, kanuni ya 6, inaipa korti uwezo wa kuongeza muda, hata kama maombi yanaletwa baada ya muda kwisha. Ila utaomba kama hisani, utaeleza kila siku uliyochelewa, na utaomba haraka, pengine na gharama za mwenzako juu yako. Kesi ya Shah na Mbogo ya mwaka 1967 ingali inatajwa kortini hadi leo kwa jambo hili: hiari ya korti ni ya kumwokoa mtu aliyepatwa na ajali au kosa linaloeleweka, si ya kumsaidia anayekwepa na kuchelewesha makusudi. Kama unaona siku hazitakutosha, omba kabla hazijaisha. Aombaye kabla ya tarehe ana kesi mkononi. Aombaye baadaye anaomba kufufua.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya namna hii, yako au ya mzazi au ya jirani, iulize maswali manne kabla hujaanza kulia. Nani anatakiwa kufanya? Afanye nini hasa, na ni matendo mangapi? Siku ya mwisho ni tarehe gani kwenye kalenda? Na asipofanya, je, kesi inaweza kufa, au itakuwa imekufa? Andika majibu kwa Kiswahili, kwa mkono wako, yabandike ukutani. Kama kuna wakili, mpelekee majibu hayo akuthibitishie. Kama hakuna, karani wa masijala hatakupa ushauri wa kisheria lakini atakuambia faili lako lina nini na halina nini. Uliza. Ukiona aibu kuuliza, peleka mtu asiye na aibu.

Kesi ya mama mdogo ilisikizwa mwaka 2023. Wakili wa upande wa pili alimwuliza mara tatu kuhusu breki, kwa njia tatu tofauti, na mara tatu akajibu kwamba hakusikia. Hukumu ilitoka mwaka uliofuata: mwenye lori abebe asilimia 70 ya lawama, na yeye 30, kwa kuwa alivuka mahali pasipo kivuko. Alinung'unika juu ya hiyo 30 mpaka tukafika kituo cha matatu. Pesa zenyewe hazikutoka siku ile. Kuzipata kuna karatasi zake na tarehe zake, na alipofika nyumbani alichukua kalamu nyekundu akaniambia nivute kiti.